Mwanao anataka kumjua popo? Amsikilize, asimshike

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia simu kutoka Buganguzi, wilayani Muleba. Ilikuwa saa mbili usiku na sauti yake ilikuwa juu. "Wifi, hebu ongea na huyu mtoto wako. Mimi amenishinda."

"Mtoto wako" ni mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 12, yuko darasa la sita. Jioni ile mama yake alimkuta ameegemeza ngazi ukutani, tochi mdomoni, mfuko wa salfeti mkononi, anapanda darini kukamata popo. Hakutaka kumla wala kumuuza. Alikuwa amejifunza shuleni kwamba popo huijua njia yake gizani kwa sauti, akataka aisikie sauti yenyewe.

"Nikimweka kwenye mfuko karibu na sikio nitamsikia vizuri, shangazi," aliniambia, kana kwamba ananieleza jambo la kawaida kabisa.

Kwa mtu wa Kagera, hili si la kucheka. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Watu tisa walihesabiwa kuugua, sita wakafariki, na mlipuko ukatangazwa kwisha Juni 2 mwaka huohuo. Januari 2025 ugonjwa ukarudi mkoani kwetu, safari hii Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha Machi 13, vilihesabiwa vifo 10, viwili kati ya hivyo vikiwa vimethibitishwa maabara.

Mnyama anayejulikana kubeba virusi hivi kwa asili ni popo mla matunda wa Misri, anayeishi kwa makundi makubwa mapangoni na kwenye migodi. Popo wadogo wanaojificha chini ya mabati ya nyumba zetu kwa kawaida ni wala wadudu. Lakini usitegemee mtoto awatofautishe gizani. Hata wewe mzazi usijiamini.

Nikamwambia ashuke ngazini, aoge, alale. Kisha nikakaa nikijiuliza: nimjibu nini kesho?

Majibu mawili tuliyoyazoea

Jibu la kwanza ni kugomba. "Ukimgusa popo utaona!" Linafaa kwa jioni moja. Lakini mtoto mwenye swali hukaa nalo, na siku mzazi akienda mnadani swali humpandisha ngazi tena.

Jibu la pili lilikuwa la bibi yake: tuwashe moto wa moshi darini, popo wote wafe au wahame. Namheshimu bibi, na hofu yake naielewa. Ila kuna somo kutoka kwa jirani zetu wa magharibi mwa Uganda.

Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg. Mwaka uliofuata popo wa mgodi ule waliangamizwa. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena katika mji wa Ibanda, si mbali na mgodi huo. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wengine wamehamia humo, na kiwango cha maambukizi kati yao kilikuwa kimepanda zaidi ya mara mbili ya kile cha mwanzo. Huenda wale waliouawa walikuwa wameacha nafasi, ikajazwa na wageni wasiokuwa na kinga.

Tena, moshi kwenye dari la mbao ni njia ya haraka ya kuunguza nyumba. Kama popo wanakukera, ziba matundu usiku baada ya wao kutoka, na uhakikishe kwanza hakuna watoto wao waliobaki ndani.

Jibu la tatu: chombo cha kusikilizia

Wazazi wengi, hasa kina mama, mnaijua ultrasaundi ya kliniki. Kifaa hutuma sauti ambayo sikio haliisikii, mwangwi unarudi, na picha ya mtoto inajengwa kutokana na mwangwi huo. Popo anayekula wadudu hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Anapiga kelele, mwangwi unamrudia, naye anajua ukuta uko wapi na nondo yuko wapi.

Sikio la binadamu kijana husikia hadi kama kilohezi 20, na kadiri miaka inavyokwenda kiwango hicho hushuka. Popo wengi hupiga kelele zao juu ya hapo. Ndiyo maana usiku wanapita juu ya migomba wakipiga makelele nasi tunasema kumetulia.

Mwaka 1938, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, aitwaye Donald Griffin aliwapeleka popo kwa profesa wa fizikia G. W. Pierce, aliyekuwa na mtambo wa kunasa sauti za juu. Kwa mara ya kwanza watu wakazisikia kelele hizo. Enzi zile mtambo kama huo ulikuwa adimu. Leo vipuri vyake vinaenea kwenye kiboksi cha sabuni, na vingine viko kwenye redio mbovu iliyo uvunguni mwa kitanda chako.

Tulinunua nini

Bajeti yangu na kaka ilikuwa shilingi 25,000, na hatukuivuka. Ila nilianza kwa kupoteza hela. Duka moja mjini liliniuzia kifaa cha kufukuzia popo na panya, muuzaji akaniapia kwamba "ni kilekile". Si kilekile. Kile hutoa sauti. Sisi tulihitaji cha kupokea. Ukienda dukani, sema neno hilo mapema: nataka cha kupokea.

Haya ndiyo mahitaji:

Kwanza, kipokea sauti cha kilohezi 40. Usikitafute peke yake. Nunua kihisi cha umbali kiitwacho HC-SR04, ambacho wanafunzi hukitumia kutengenezea roboti. Kina macho mawili ya duara: lenye alama T hutuma, lenye alama R hupokea. Fundi analing'oa la R. Ukipata kihisi kibovu kwa bei ya kutupa, chukua. Mara nyingi macho yake bado ni mazima.

Pili, chipu mbili za LM386 za kukuza sauti. Ni chipu ya kawaida sana, na kwenye redio na spika ndogo mbovu unaweza kuikuta.

Tatu, chipu moja ya CD4024. Hii ndiyo inayofanya tusikie. Inagawanya sauti kwa 16, kwa hiyo kelele ya popo ya hezi 40,000 inatoka ikiwa hezi 2,500, ambazo hata bibi anazisikia.

Nne, rizista na kapasita chache. Hizi usinunue. Mpe fundi redio mbovu, azing'oe na kuzipima kwa mita yake.

Tano, hedifoni na betri. Chipu zote hizi zinakubali volti 6, kwa hiyo betri nne ndogo za tochi zinatosha. Betri ya mraba ya volti 9 ni ghali zaidi na haidumu.

Kama mtoto atapenda kuendelea na umeme mdogo, ongeza ubao wa majaribio, ule wenye matundu ya kuchomekea vipuri bila kulehemu. Kwetu ndio uliokula hela nyingi kuliko kipuri chochote, lakini utatumika kwa kazi nyingine nyingi.

Chipu ya CD4024 sikuipata Bukoba. Niliagiza kwa rafiki aliyeko Dar es Salaam, akaenda Kariakoo, akaituma kwa basi pamoja na kihisi. Watu wa Mwanza nao hutuma vifurushi kwa meli hadi Kemondo au Bukoba. Changanya mzigo na wa mtu mwingine, maana nauli ya kifurushi inaweza kuizidi bei ya chipu. Na nunua chipu mbili za kila aina. Moja itaungua. Yetu iliungua siku ya kwanza, kwa sababu betri ziligeuzwa.

Mchoro wa saketi unapatikana bure mtandaoni ukitafuta kwa majina ya chipu hizo. Mpelekee fundi redio wako. Wetu hakuwahi kusikia habari za kusikiliza popo, lakini mchoro aliusoma kama barua. Mkumbushe tu aweke rizista kati ya chipu na hedifoni ili sauti isiumize masikio ya mtoto.

Masharti ya mezani

Hapa nazungumza kama mwandishi wa afya. Waya wa kulehemu mara nyingi una risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Acha fundi au mtu mzima alehemu, mahali penye hewa, mbali na chakula, mbali na mtoto mchanga na mama mjamzito. Kila aliyeshika vipuri anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Mtoto asifungue televisheni ya zamani wala kifaa kilichochomekwa kwenye umeme. Ndani ya televisheni umeme unaweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Betri ya simu iliyovimba asiiguse kabisa.

Masharti ya usiku

Tulikubaliana naye mambo manne, akayaandika kwenye daftari kwa mkono wake. Husikilizi peke yako, unakuwa na mtu mzima. Unasimama uani, huingii pangoni wala darini. Humgusi popo, awe mzima, mgonjwa au mfu. Tunda lililotafunwa na mnyama haliliwi, hata kama upande mmoja ni mzima.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na popo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha wanyama. Na ukiona homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, kuhara, kutapika au kutokwa damu kwa mtu aliyekuwa pangoni au aliyemhudumia mgonjwa wa namna hiyo, usimhudumie kwa mikono mitupu. Piga 199, ni bure. Dalili za Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21.

Jambo la kukumbuka

Chombo hiki si kipimo cha Marburg. Tena nataka ulishike hili kuliko bei za vipuri: popo wengi wala matunda hawatumii mwangwi, hutumia macho na pua. Yule wa Misri ni wa pekee, hugonganisha ulimi tu, na chombo chetu cha kilohezi 40 kinaweza kumkosa akipita. Kwa hiyo mtoto asije akasimama mlangoni mwa pango, akasikia kimya, akasema "humu salama." Kimya cha chombo hakimaanishi lolote. Mapango yanabaki marufuku.

Kazi ya chombo ni kumpa mtoto jibu la swali lake akiwa amesimama mbali.

Jumamosi ile

Nilipanda gari kwenda Buganguzi na kiboksi cha sabuni kwenye mkoba. Saa moja na robo tulikuwa uani, mimi, kaka, wifi na mtoto, tumeelekea migomba. Dakika kumi za kwanza tulisikia wadudu tu, maana chombo hunasa pia kelele za wadudu wanaoimba kwa sauti ya juu. Wifi akaanza kusema amekiacha chungu jikoni.

Kisha ikaja: tak, tak, tak, tak, halafu mfululizo wa haraka kama mtu anayechana kitambaa, halafu kimya. Nikamweleza mtoto kwamba popo anapomkaribia mdudu huongeza kasi ya kelele zake, ili ajue hasa mdudu yuko wapi. Ule mchano ni mtu anakula.

Alisikiliza tena watatu, akahesabu, akaandika saa. Kisha akavua hedifoni, akampelekea bibi yake aliyekuwa amekaa mlangoni na kanga mabegani. Bibi alisita, akaweka sikio moja. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko sisi wote.

"Kumbe wanasema," alisema. "Na mimi hapa miaka yote nasikia kimya."

Moshi haukuwashwa. Jumatatu kaka alimwita fundi wa mabati kuangalia matundu. Ngazi imefungiwa stoo, ingawa wifi anasema mtoto hajaiulizia tena. Anachoulizia ni betri: zikiisha nani atanunua nyingine?

Nimeahidi kununua mimi. Kwa watoto wa huku kwetu, betri nne za tochi ni bei ndogo sana ya kuwaweka mbali na dari na pango.