Sisibo Imekuwa Jiji, Sasa Ploti za Mbali Zitakumaliza na Nauli

Tangu Agosti 15, 2024, Rais Ruto alipoipa Eldoret hati ya kuwa jiji la tano Kenya, stori mtaani ni moja tu: nunua ploti. Kapseret, Moiben, njia ya Ziwa, mashamba ya mahindi yanakatwakatwa kuwa 50 kwa 100. Poa, kila msee anataka kwake. Lakini kuna kitu broka hakuambii: mafuta.

Ukitaja kuokoa kawi, watu hufikiria balbu. Manze, zaidi ya asilimia 80 ya stima inayozalishwa Kenya hutoka kwa mvuke wa Olkaria na kwingineko, mabwawa, upepo na jua. Petroli ndiyo tunaagiza yote ng'ambo, na ndiyo inasukuma mathree na nduthi. Ukihamia kilomita 15 kutoka tao, utaichoma asubuhi na jioni hata ukizima kila taa kwa keja.

Mwaka wa 1989, Peter Newman na Jeffrey Kenworthy wa Australia walilinganisha miji 32 duniani. Houston, iliyotawanyika, ilikunywa petroli mara kibao kwa kila mtu kuliko Hong Kong iliyobanana. Wasomi wengine waliwapinga, wakisema mapato na bei ya mafuta pia vinachangia. Sawa, ni kweli.

Stima nayo hupotea njiani waya ukiwa mrefu. Mradi wa Last Mile nao ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma.

Sasa usidhani jibu ni kubanana tu. Langas imebanana, na wasee kibao hupiga mguu hadi tao. Ukipima mafuta, hao ndio mabingwa. Lakini wengi wanatembea kwa sababu nauli hakuna, na usiku baridi ya Eldoret inapenya mabati huku jiko la makaa likiwaka ndani. Kuita hiyo ufanisi ni matusi.

Mimi naona kaunti ingeruhusu na kusukuma ghorofa nne, tano za mawe karibu na tao, zikiwa na maji na njia ya miguu ambayo nduthi haziteki. Barabara na mabomba yakishafuata ploti huko mbali, hayarudi.

Ukienda kuona ploti wikendi hii, piga hesabu kwanza. Nauli ikiwa bob 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 5,200. Kwa mwaka, 62,400. Na hapo hujabeba bibi na watoto.