Injili Nne na Swali Moja: Nani Kapokea kwa Nani?



Vijana wetu wanaosoma pamoja na wasiokuwa Waislamu huulizwa swali ambalo wengi wao hulinyamazia: Qurani yenu yaitaja Injili na kuisifu, basi mbona hamuisomi? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa hasira au mzaha. Mtoto asiyepewa jawabu nyumbani atakwenda kulitafuta nje.

Jawabu lianzie hapa. Sisi twaiamini Injili aliyoteremshiwa Nabii Isa (A.S.). Hilo ni katika nguzo za imani yetu. Lakini vitabu vinne vilivyomo katika Biblia havidai kuwa ndiyo Injili hiyo. Ni habari za maisha yake, zilizoandikwa na watu baada yake. Basi yatupasa kuviuliza swali lile lile ambalo wanazuoni wetu huiuliza kila hadithi: nani kasimulia, na kapokea kwa nani?

Tukiuliza hivyo, la kwanza tunaloliona ni kuwa hapana hata kimoja katika vinne hivyo ambacho mwandishi wake amejitaja kwa jina. Mathayo, Marko, Luka na Yohana ni anwani zilizowekwa juu ya vitabu. Mtu wa mwanzo ajulikanaye aliyevitaja vyote vinne kwa majina hayo ni Irenaeus, askofu wa Lyon, kwenye mwaka 180 hivi, yaani miaka kama 150 baada ya Nabii Isa. Tena vyote tunavyo kwa Kiyunani, hali yeye na wanafunzi wake walizungumza Kiarami.

Fungua mwanzo wa Luka. Mwandishi asema kuwa wengi wameandika kabla yake, naye amepanga yaliyopokewa kwa walioshuhudia. Basi yeye si katika walioshuhudia. Marko, hata kwa mapokeo ya kanisa lenyewe, hakuwa miongoni mwa wale wanafunzi kumi na wawili. Mathayo 9:9 yamtaja Mathayo kama mtu mwingine anayesimuliwa. Na Yohana 21:24 wako watu wanaosema kuwa wao wanajua ushahidi wa mwanafunzi yule ni wa kweli. Watu hao ni nani? Hawakutajwa. Katika elimu ya hadithi, mpokezi asiyejulikana huirudisha hadithi nyuma.

Mkristo mwenye busara atajibu: hawa ni mashahidi wanne, kila mmoja kaona kwa upande wake, ndiyo maana wametofautiana. Jawabu hili lingekuwa na nguvu lau wanne hao wangekuwa mbali mbali. Lakini aya za Marko ni kiasi cha 661, na takriban sehemu tisa kwa kumi za habari zake zimo katika Mathayo, mara nyingi kwa maneno yale yale. Wataalamu wengi wa Kikristo wasema kuwa Mathayo ndiye aliyechukua kwa Marko. Aliyeona kwa macho yake ana haja gani ya kunakili kwa ambaye hakuwapo?

Tena tazama ananakili vipi. Katika Marko 10:18 Nabii Isa akataa kuitwa mwema, na asema kuwa mwema ni Mungu peke yake. Katika Mathayo 19:17, kisa ni kile kile, lakini maneno yamegeuka: sasa aulizwa kwa nini anauliza habari ya wema. Kule kujitenga na sifa ya Mungu kumepunguzwa makali. Ukifika kwa Yohana, kitabu ambacho wataalamu wengi hukiweka mwisho wa vyote, chaanza kwa kumwita Neno lililokuwa Mungu. Hiyo si tofauti ya mahali pa kusimama. Ni imani inayokua kitabu baada ya kitabu. Hata siku hawakuafikiana: kwa Marko 14:12 chakula cha mwisho ni cha Pasaka yenyewe, kwa Yohana 19:14 Pasaka ilikuwa bado kuliwa siku wanayodai kuwa alisulubiwa.

Lakini mizani ya haki haina upande mmoja. Wako Waislamu wanaojibu kwa kitabu kiitwacho Injili ya Barnaba, wakidhani wamepata silaha. Nacho tukipime. Nakala yake kongwe ijulikanayo ni ya Kitaliano, iko Vienna, na wataalamu huiweka karne ya 16. Kati yake na Barnaba mwenyewe ni miaka karibu 1,500 bila ya mpokezi hata mmoja. Sura yake ya 20 yampeleka Nabii Isa Nazareti kwa chombo, na Nazareti ni mji wa milimani usio na bandari. Tena chamkanushia kuwa yeye ni Masihi, hali Qurani yamwita Al-Masih! Mwenye kukitegemea kitabu hiki amejitia kitanzi kwa mkono wake.

Basi, ewe mzazi, mfundishe mwanao jawabu hili kwa utulivu. Asitukane, asicheke, wala asimvunjie jirani heshima ya kitabu chake, kwani Qurani imetufunza namna ya kuzungumza na Watu wa Kitabu (29:46). Aseme tu: twampenda Nabii Isa, twaiamini Injili yake, na kila asemaye kuwa amepokea kwake twamuuliza sanadi. Swali hilo twawauliza wengine, na twajiuliza wenyewe.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata. Amin.