TAHARIRI: WATAFITI WAKIJA TUSIFUNGE MILANGO



Watu wa utafiti wa afya wakiingia kijijini, nyumba nyingine zinafungwa mchana kweupe. Wengine wanajibu uongo ili wageni waondoke upesi. Wengine wanasema ati hao ni mumiani, damu yetu inakwenda kuuzwa. Maneno haya yanaturudisha nyuma.

Wapo wanaouliza, mbona wanakuja wengi hivi? Chukueni mfano wa kichocho. Daktari anampa mtoto dawa, anapona. Kesho mtoto anarudi kuoga kwenye maji yale yale yenye konokono, anaambukizwa tena. Basi daktari peke yake hatoshi. Anatakiwa mtu wa maabara apime mkojo na choo, mjuzi wa konokono, mtu wa takwimu ahesabu wanaumwa wangapi na wapi, na mtu wa mambo ya jamii aulize kwa nini tunafulia pale pale. Ugonjwa ni mmoja, kazi ni ya watu wengi.

Mkoa wetu wa Mwanza umeona faida yake. Mwaka 1991 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na wataalamu wa chuo cha afya cha London walianza utafiti katika jamii 12 za mkoa huu. Katika jamii 6, zahanati na vituo vya afya vilipewa dawa na mafunzo ya kutibu vizuri magonjwa ya zinaa. Jamii 6 zilibaki na huduma ya kawaida, ili zilinganishwe. Kila jamii walifuatwa watu wazima kama 1,000 kwa miaka 2. Majibu yalitangazwa 1995: palipoboreshwa matibabu, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40.

Majibu yale yalitoka kwenye damu na maneno ya wakulima na wavuvi kama sisi. Je, wangefunga milango? Au wangedanganya? Hesabu ingekuwa ya uongo, na dawa zingepangwa kwa uongo huo.

Lakini kufungua mlango siyo kukubali kila kitu. Wageni waonyeshe kwanza kibali na barua yao ofisi ya kijiji. Uliza: damu hii ni ya nini, kiasi gani, inakwenda wapi? Karatasi ya ridhaa isomwe yote. Asiyejua kusoma asione haya, amwite anayemwamini amsomee kwa sauti, ndipo aweke dole gumba. Na kukataa ni haki yako, hupaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo.

Tena, tudai matokeo. Mkulima akipeleka pamba ghalani husimama kwenye mizani mpaka aone kilo zake. Na utafiti uwe hivyo hivyo. Kabla hawajaaga, tuwaulize mbele ya mkutano wa kijiji: mtarudi lini kutuambia mlichokiona? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na tarehe.

Mwaka 1973 wazee wetu waliitwa kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo. Sisi leo tuseme kweli, na tudai majibu.

Katibu