Tuchague Vitu Vichache

Wanafunzi wengi husema kwamba tukienda Dar es Salaam kutazama Makumbusho ya Taifa, yafaa tuone kila kitu siku ile moja. Mimi sikubali. Kutoka Dumila ni mwendo wa zaidi ya kilometa 200, na nauli yatoka katika mpunga na mahindi ya wazazi wetu. Tukiwakuta wanafunzi wa shule nyingine wamejaa vyumbani, nasi tukaingia wote kwa pamoja, tutaona migongo ya watu tu, kisha turudi.

Shauri langu ni hili. Tuchague vitu vitatu, tuvisome kwanza darasani: fuvu la Zinjanthropus, lililovumbuliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959; vyombo vya Kichina vilivyochimbuliwa Kilwa; na vinyago. Ajuaye kwamba bakuli lilivuka bahari kutoka China atasimama kulitazama, asiyejua atalipita. Tuingie kumi kumi, kila kundi lianzie mahali pake. Kila mmoja achore kitu kimoja daftarini, ili mwenzetu aliyekosa nauli naye apate kuona. Mtaka yote hukosa yote.