Huduma ya Kwanza Ngaka

Tangu makaa ya mawe yaanze kuchimbwa Ngaka mwaka 2011, malori yamekuwa yakishuka kutoka Ntunduwaro kwenda Kitai na kushika njia ya Songea. Faida yake twaijua. Lakini lori lipindukapo mtelemkoni, mganga si wa kwanza kufika. Wa kwanza ni mwenye shamba la jirani, au kijana wa bodaboda apitaye. Na siku hizi, twasema kwa masikitiko, yuko pia yule ainuaye simu yake apige picha.

Kijana atakaye kujitolea katika huduma ya kwanza asidhani kuwa lazima awe mganga. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, hufundisha watu wa kawaida. Somo la kwanza halimpendezi mtu ajionaye shujaa: atazame usalama wake kabla ya kumgusa majeruhi, asije akawa maiti ya pili. Kisha atajifunza kukandamiza jeraha litokalo damu bila kuachia. Kumwagia palipoungua maji yatiririkayo kwa dakika 20, wala si kupaka dawa ya meno. Na kutomkokota aliyeumia mgongo kana kwamba ni gunia la kahawa.

Huku mwambaoni, Liuli na Mbamba Bay, somo kubwa ni la maji. Aliyezama haning'inizwi kichwa chini. Kama hapumui, hupuliziwa pumzi mdomoni, kisha hukandamizwa kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliotangulia kufika.

Wako wasemao kuwa kazi bila ujira ni ya wajinga. Hatukubaliani nao hata kidogo. Ila moyo wa kujitolea nao usifanywe kisingizio cha wenye mali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yawataka waajiri waweke vifaa vya huduma ya kwanza kazini, lakini barabara haina lango wala sanduku. Wachimbao na wasafirishao makaa na wagharimie mafunzo na mikoba ya bandeji kwa vijiji vya kandokando ya njia. Halmashauri nayo iandike majina ya waliofunzwa, yabandikwe katika ofisi ya kila kijiji, ili usiku wa ajali watu wajue mlango wa kubisha hodi.