Aliye Mbali Zaidi Awe wa Kwanza

Mwaka 2007 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Lengo lilikuwa jema. Hata hivyo, fedha haziji zote kwa siku moja, na kila bajeti hurudisha swali lile lile: tuanze na kijiji kipi?

Chukulia halmashauri moja ya Mkoa wa Tanga yenye vijiji 50 visivyo na zahanati na fedha za kujenga 10 tu. Namna za kuchagua vijiji hivyo 10 zinazidi bilioni 10. Hakuna aliyewahi kugundua njia ya haraka ya kupata jibu bora kabisa kwa kila ramani, na wanahisabati wengi wanaamini haipo. Hapo ndipo wenye mamlaka wanapoweza kupata kichaka cha kujifichia: madhali mpango kamili haupatikani, uamuzi wowote ni sawa, na zahanati iende kwa mwenye sauti kubwa.

Hoja hiyo siikubali. Mwaka 1985 Teofilo Gonzalez alichapisha algoriti ambayo kwa muktadha wetu yasomeka hivi: tafuta kijiji kilicho mbali kuliko vyote na vituo vilivyopo, jenga hapo, pima upya, rudia mpaka fedha ziishe. Haiahidi ukamilifu. Inaahidi kwamba umbali wa mwananchi aliye mbali zaidi hautazidi mara mbili ya ule ambao ungebaki chini ya mpango bora kuliko yote.

Uthibitisho wake ni mwepesi. Tuseme baada ya kujenga 10 bado kuna kijiji kilicho kilomita 12 kutoka kituo cha karibu. Basi kijiji hicho na vile 10 vilivyojengewa ni 11, na kila kimoja kilikuwa kilomita 12 au zaidi kutoka kwa kingine na kutoka vituo vya zamani. Zahanati 10, popote ziwekwapo, haziwezi kuhudumia vijiji 11 bila viwili kushirikiana moja, au kimoja kwenda kituo cha zamani. Kwa vyovyote, yupo atakayetembea kilomita 6 au zaidi.

Sharti ni kupima njia wanayopita watu. Kwenye ramani, Bweni na Pangani mjini ni majirani. Kwa mgonjwa aliyesubiri kivuko usiku, mto ulikuwa safari.

Naam, kanuni hii haihesabu idadi ya watu. Halmashauri ikitaka kuizingatia, na ifanye hivyo kwa kanuni nyingine iliyo wazi na inayoweza kukaguliwa.

Kamba hukatikia pembamba, na huduma hupimwa kwa aliye mbali. Kwa hiyo, katika mkutano mkuu wa kijiji na baraza la madiwani, tusiulize tu zahanati ngapi zimejengwa. Tuulize zilichaguliwa kwa kanuni gani, na kanuni hiyo inamdhamini nini mwananchi wa mwisho. Ugumu wa hesabu haumpi mtu yeyote ruhusa ya kupendelea.