Blanketi Likipotea, Nani Alipe?

Ikiwa umekabidhiwa kusimamia nyumba ya wageni mjini Sumbawanga, huhitaji kuambiwa thamani ya blanketi. Mji uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai haimwonei haya mgeni aliyeshuka usiku kutoka basi la Mbeya.

Basi asubuhi mgeni amekwisha kuondoka na blanketi halipo. Msimamizi humkaripia mhudumu mbele ya watu, kisha humkata mshahara wote. Huo si uongozi, wala si halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka hasara iwe imetokana na kosa lake mwenyewe, aelezwe deni kwa maandishi, apewe nafasi ya kulipinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara.

Huruma nayo isiwe upofu. Ikiwa alipokea ufunguo bila kukagua chumba, mwambie waziwazi, faraghani, na alipe. Lakini uliza pia alilala saa ngapi. Sheria hiyohiyo humpa mapumziko ya saa 12 kati ya zamu na zamu. Hata kwa makubaliano ya maandishi hayashuki chini ya 8. Ikiwa alimpokea mgeni saa tano usiku, ukamwamsha saa kumi alfajiri awachemshie abiria maji, sehemu ya kosa ni yako, nawe hakuna anayekukata senti.